Namba Ndani ya Uru

Nimestaafu nikiwa na miaka kumi na saba. Meno yote yapo, mgongo haujapinda, na mvi nilizo nazo ni mbili tu, zote za mtihani wa fizikia. Wastaafu wengine hupewa mabati ya kuezekea, blanketi na saa ya ukutani ili wakae nyumbani waangalie muda unavyopita. Mimi nilipewa chuma kizito kilichofungwa kwenye kitambaa, nikaambiwa nisikipoteze. Nitakieleza nikikifikia.

Sababu ya kustaafu si uzee wala ugomvi. Nimechaguliwa kidato cha tano, shule ya bweni, Iringa. Naandika haya nikiwa nimeegemea tranka langu, kwa ajili yenu Ipyana na Zuhura, mliorithi kigoda changu pale Mbalizi, kwenye banda la fundi baiskeli Babu Shomari. Mishahara sitaitaja kwa kuwa haikuwepo. Vyeo sitavitaja kwa kuwa cheo kilikuwa kimoja, na mwenye nacho hakuwa na mpango wa kukiachia. Nitataja kazi.

Siku ya kwanza nilikuwa darasa la tano. Nilikuja nikisukuma baiskeli ya kaka yangu yenye pancha. Babu Shomari si babu yangu wa damu, mnajua. Mimi Mnyakyusa, yeye wazee wake walitoka pwani wakaja kuuza vitambaa Iringa mjini, na ingawa yeye mwenyewe pwani hajawahi kufika, anaongea kama aliyeondoka huko jana. Ni mfupi, mbishi, anapaka ndevu hina halafu anadai ndivyo zilivyo tangu azaliwe. Siku hiyo hakunisalimia. Alisukuma karai la maji kwa mguu mpaka mbele yangu.

"Tafuta mwenyewe."

"Natafuta nini, Babu?"

"Panapopumua."

Nikazamisha tyubu, nikaikamua kidogo kidogo, mpaka vipovu vikatoka kama samaki anayenisengenya. Nilipofurahi nikapiga teke kopo la gololi za habu ya gurudumu, zikatawanyika banda zima. Babu hakugomba. Alinipa sumaku aliyoitoa kwenye spika ya redio mbovu, akarudi kwenye chai yake. Nikazitafuta gololi mpaka jioni. Mteja mmoja akauliza, "We Shomari, umeajiri binti?" Babu akajibu, "Sijaajiri. Amekataa kuondoka."

Hivyo ndivyo nilivyopata ajira. Barua bado naisubiri.

Sasa kazi yenyewe. Kuziba pancha mnajua, kunyoosha rimu mtajifunza kwa kupinda chache. Ninalotaka kuwaachia ni lile ambalo Babu halifundishi mpaka umemchosha kwa maswali: jinsi ya kuitambua baiskeli kuukuu, ni ya nani na ya zamani kiasi gani.

Kwenye banda letu baiskeli haina jina la kiwanda, ina kabila. Kuna Mchina, kuna Mhindi, kuna Mwingereza. Mteja akileta, msimuulize ya mwaka gani, atawatajia mwaka aliooa. Angalieni kwanza paji la uso, pale chini ya usukani, kama nembo ipo. Mara nyingi haipo, watoto wameibandua wakachezea. Lakini matundu ya misumari yake hubaki, na kila kabila lilitobolewa kivyake. Kisha ipindueni, mfute tope chini ya lile boksi linalopitisha ekseli ya pedali. Mtakuta namba. Halafu fungueni dirisha: chukueni msasa na mafuta ya taa, msugue mahali padogo kama shilingi, pasipopigwa na jua. Rangi zitatoka moja baada ya nyingine. Kijani cha geti. Bluu ya madawati, maana yake kuna mwalimu alipita hapo. Nyekundu ya trekta. Ile ya chini kabisa ndiyo aliyozaliwa nayo.

Na spea msiziamini haraka. Babu husema, "Umri wa mtu huulizi viatu vyake." Tairi, siti, cheni, hivyo vyote ni viatu.

Kuna sheria moja tu banda lile ambayo haina mzaha, hata kwangu mimi ninayetania mpaka jeneza. Anayetaka hapimi. Kama baiskeli umeipenda, au unaitamani iwe kitu fulani, unaweka msasa chini, anaitwa mwingine. Sheria hiyo ilianzia kwa Babu mwenyewe. Aliwahi kumtamani Mwingereza mmoja aliyeletwa kutoka Tukuyu, akamkagua asubuhi nzima, kila alama akaiona ya Kiingereza, akamchukua. Alipomwosha kwa mafuta ya taa, Mhindi akatokea chini ya rangi anamkonyeza. Yule Mhindi yupo bado, ndiye aliyeshikilia paa upande wa choo.

Kulikuwa na kabila la nne, ila tulikuwa tunalisikia tu. Mtaliano.

Babu alipokuwa kijana Iringa, padri mmoja Mtaliano alikuwa anarudi kwao, akamuuzia baiskeli yake ya mashindano. Nyembamba kama swala, usukani umejikunja kama pembe za kondoo dume, gia zinahama kwa kidole. Wakati huo vita vya Kagera ndiyo vinaanza, vijana wenzake wanazungumza bunduki, yeye anazungumza baiskeli. Anasema alikuwa akiipanda kwenda Mafinga na kurudi, na mabasi yalikuwa yanampigia honi kwa heshima. Nilimuuliza kama hazikuwa za hasira. Akasema honi ya hasira anaijua.

Halafu mdogo wake akaiazima kwenda Usangu msimu wa mpunga. Akarudi kwa miguu, na gunia la mchele na hadithi ndefu.

"Ukamfanya nini, Babu?"

"Ningemfanya nini? Ule mchele tuliula." Akafuta grisi kidoleni. "Ulikuwa mtamu. Hapo ndipo panaponiuma."

Kilichobaki kwake ni kifaa kimoja tu, alichoachiwa na padri. Chuma kifupi, kina nyuzi za parafujo nje na boliti katikati. Kazi yake ni kung'olea mikono ya pedali. Baiskeli zetu hazikihitaji, mikono yake imeshikwa kwa kota pini, unagonga kwa nyundo inatoka. Mbalizi nzima hakuna baiskeli kiliyoingia. Tulikuwa tunabangulia karanga. Jina lake likawa hilohilo, kile cha karanga. Lakini kila tukimaliza Babu alikuwa anakipaka grisi na kukifunga kwenye kitambaa, nasi tunacheka, tunamuuliza kama karanga za kesho zinapenda grisi.

Naja sasa kwenye ile siku. Nilikuwa likizo ya kidato cha nne, nimeshamaliza mtihani, najiona fundi mkuu. Akaja mtu anaitwa Kaka Elia, kutoka Rujewa, kulekule Usangu. Alipanda lori la mchele lililokuwa linakuja sokoni, akapakia na baiskeli yake juu ya magunia, kwa sababu ilikuwa inalia kwenye pedali na mafundi wa kwao walikuwa wameshindwa kuifungua.

Baiskeli yenyewe ilikuwa aibu. Imepakwa kijani cha geti. Katikati imechomelewa bomba la pili ili ibebe gunia. Keria ni ya nondo, ungeweza kujengea nyumba. Gia hakuna, imebaki spoketi moja. Usukani umepinduliwa juu, kama pembe za ng'ombe wa Usangu.

"Inabeba mangapi?" nikamuuliza.

"Ikiwa na njaa mawili, ikishiba matatu."

Nikampenda hapo hapo. Nikaipindua, nikafuta tope kwenye mkono wa pedali ili nigonge kota pini. Kota pini hakuna. Palikuwa na tundu la mviringo lenye nyuzi ndani, na boliti katikati.

"Babu, hii haina kota pini."

Babu alikuwa anakunywa chai. Akaja na kikombe, akatazama mara moja, akatupa mgongo.

"Leta kile cha karanga."

Nilikifungua kwenye kitambaa, nikaitoa ile boliti, nikakiweka kwenye tundu. Kikaingia. Hakikulazimishwa, kilizunguka taratibu kama kifuniko kilichopata chupa yake. Nilikaza boliti ya kati, mkono wa pedali ukalia kidogo, ukatoka. Mwingine vilevile. Nikasikia kikombe cha Babu kinagonga mezani.

"Usiigeuze hiyo mikono. Ilaze chali kwenye gunia. Usiitazame kwa nyuma." Bado ametupa mgongo. "Fungua kikombe cha kulia."

Wadogo zangu, sikilizeni hapa. Kwenye Mchina, Mhindi na Mwingereza, kile kikombe cha kulia kinachoshika gololi za pedali hufunguka kinyume: unageuza kama unakaza, kinalegea. Nikaweka spana, nikageuza hivyo. Kikagoma. Nikaongeza bomba, nikaning'inia kama nyani. Kikagoma.

"Inakataa?"

"Inakataa."

"Geuza kama parafujo ya mlango."

Nikageuza upande wa pili. Kikafunguka. Mafundi wa Rujewa walikuwa wanapenyeza spana nyuma ya spoketi, wameikaza miaka yote hiyo wakidhani wanaifungua. Mtu asiyejua lolote angeifungua siku ya kwanza. Wao waliikaza kwa sababu ni mafundi.

Nikaweka spana chini, nikamtazama Babu. Kaka Elia akatutazama mmoja mmoja. "Kuna nini? Imekufa?"

Nikamweleza. Mtaliano, padri, mdogo wake Babu, Usangu, mchele. Nilipofika kwenye mchele uso wake ukabadilika.

"Mzee, mimi niliinunua kwa mtu, kihalali, mbele ya balozi wa nyumba kumi," akasema. "Watoto wangu wanasoma kwa mgongo wa hii."

"Najua," Babu akasema. "Hata ikiwa ni ile, ni yako. Mdogo wangu aliiuza, watu wakauziana, ikakufikia. Siitaki nyumbani kwangu. Nataka kujua tu kama ilifika uzeeni."

Nikatoa simu nikatafuta picha. Ikaniletea Wataliano wengi wazuri, wameegemezwa ukutani, hakuna hata mmoja aliyewahi kuona gunia. Hakuna wa kijani cha geti. Nikairudisha mfukoni.

Babu akatueleza alichoambiwa na padri. Nyuma ya mkono wa pedali kiwanda kilikuwa kinagonga namba ndogo ya mwaka. Ikiwa ya miaka ya sabini, namba inakaa ndani ya uru, ile ya karata, yenye pembe nne. Ikiwa ya themanini, inakaa ndani ya duara. Yake ilikuwa nane ndani ya uru. Alikuwa anaisugua kwa mswaki kila Ijumaa.

"Basi tugeuze tuone," nikasema, mkono uko njiani.

"Wewe unaitaka iwe ile?"

Nilikuwa nimembangulia karanga mzee huyu tangu darasa la tano. Nilikuwa naitaka kuliko yeye.

"Toa mkono. Elia, na wewe unataka isiwe. Hakuna wa kupima hapa."

Tukasimama watatu tunalitazama gunia kama watu wa msiba wasiojua nani aanzishe wimbo. Ng'ambo ya njia alikuwepo Mama Sophia, anayeuza viazi kwa ndoo. Nikamwita.

"Mama Sophia, njoo utusomee kitu."

"Miwani yangu iko nyumbani."

"Namba moja tu, Mama."

"Ya nini?"

"Iko kwenye chuma cha baiskeli."

"Chuma cha baiskeli kinanihusu nini mimi?"

Babu akainua kidole. "Huyo anafaa."

Akavuka kwa manung'uniko, kwa sababu aliacha mteja. Akachuchumaa, akachukua mkono mmoja wa pedali, akautemea mate kidogo, akausugua kwa upindo wa kanga. Babu alikuwa ametazama ukutani. Kaka Elia alikuwa anatazama viatu vyake. Mimi nilifumba macho, halafu nikafumbua kidogo, nikafumba tena.

"Ina nne," Mama Sophia akasema.

"Imezungushiwa nini?"

"Imezungushiwa kitu."

"Ni uru?" Babu akauliza. Sauti yake ilikuwa nyembamba, sijawahi kuisikia.

"Uru ndiyo nini?"

"Ile ya kwenye karata, Mama," nikasema.

"Mimi nimeokoka, Sekela. Mambo ya karata mniondolee."

"Sawa. Hicho kitu kina pembe au hakina?"

Akausogeza kwenye mwanga. Akautazama huku na huku, bila haraka, kama anayechagua kiazi.

"Hakina pembe. Duara. Kama chapati, tena ya mtu anayejua kupika." Akauweka chini. "Nimemaliza? Maana yule mteja wangu anaondoka."

Nne ndani ya duara. Themanini na nne. Wakati Mtaliano huyu anazaliwa, Babu alikuwa ameshakula mchele wa mdogo wake zamani. Kabila moja, umbo moja, ila mdogo. Nikashindwa kukubali.

"Babu, hivyo ni viatu. Labda walibadilisha mikono ya pedali. Tufungue dirisha, tuone rangi ya chini, tuone..."

"Rujewa nzima nani angekuwa na kiatu cha Mtaliano cha kubadilishia?" Akageuka, akanitazama. "Umeshaanza kupima, binti."

Nikaosha vikombe vya pedali, nikapanga gololi mpya kwenye grisi, nikafunga kila kitu. Upande wa kulia nilikaza kama parafujo ya mlango. Pedali ikazunguka bila sauti. Kaka Elia, ambaye alikuwa amepata alichokitaka, alionekana kama mtu aliyeshinda kesi dhidi ya babu yake.

"Mzee," akasema, "ijaribu basi. Nione kama imepona."

Babu akavua kofia, akanipa. Akafunga suruali kwa kipande cha tyubu isiingie kwenye cheni. Akakataa kusaidiwa kupanda. Akashika zile pembe zilizopinduliwa, akainama kama vile bado ziko chini, akateremka barabara kuu ya kuelekea Songwe. Sijui kama mmewahi kuona ndevu za hina zinapepea. Basi moja likampigia honi. Nakiri ilikuwa ya heshima.

Tukasubiri. Mama Sophia akauza ndoo moja, akauza ya pili. "Huyo mzee wenu atarudi?" akauliza, na kwa mara ya kwanza siku hiyo alionekana inamhusu.

Alirudi akiikokota, kwa kuwa kurudi ni mlima. Jasho limemwaga hina shingoni. Akamkabidhi Kaka Elia usukani, akakaa kwenye kigoda changu, si chake.

"Si yenyewe," akasema. "Ile ilikuwa inavuta kushoto."

Nikamrudishia kofia yake.

"Kwa hiyo yangu bado inatembea," akasema. Akaomba chai.

Tangu siku hiyo hatukubangua tena karanga kwa kile chuma. Tulitumia jiwe. Wiki niliyokuwa nafunga tranka alikuja nyumbani kwetu, akaongea na mama mambo ya mvua, akanipa kile kifurushi cha kitambaa. Nikamwambia nakwenda kusoma, siendi kufungua baiskeli. Akasema, "Hapa tumeshatazama. Ilianzia huko unakokwenda."

Mlezi wa bweni alipokagua tranka alikishika akakigeuza, akaniuliza kama ni silaha. Nikamwambia ni cha kubangulia karanga. Akauliza karanga ziko wapi. Sasa najulikana bwenini kama mtoto aliyekuja na bangulio bila karanga. Mikono yangu imekuwa misafi mpaka inatia aibu. Nanusa penseli nikitafuta harufu ya solosheni, ile gundi ya pancha. Asubuhi wenzangu wanasalimiana kwa Kihehe "kamwene" na mimi najibu vizuri tu, ila sikio linasubiri mtu asukume karai kwa mguu.

Kwa hiyo nawaachia hivi, Ipyana na Zuhura. Siku hizi bodaboda zimejaa na baiskeli zinapungua, lakini lori la mchele bado linakuja sokoni. Akishushwa Mtaliano hapo, msigeuze ile mikono ya pedali. Mnampenda Babu, kwa hiyo hamfai. Mwiteni Mama Sophia, na mkimkuta siku hizi anahusika, mtafuteni mwingine.

Jumapili iliyopita tuliruhusiwa kutoka. Nje ya duka moja, chini ya mlima, niliiona imeegemea nguzo. Nyembamba, pembe zimejikunja chini, imepakwa fedha ya bati. Nikainama. Nikakumbuka, nikasimama. Mlinzi wa duka alikuwa anakula muwa.

"Shikamoo, kaka. Naomba unisomee kitu nyuma ya huo mkono wa pedali."

"Marahaba. Ya kwako hii?"

"Hapana."

"Sasa unataka nini nayo?"

"Nisomee tu."

Akachungulia, akafuta kwa ganda la muwa, akachungulia tena. Nilikuwa nimetazama ng'ambo, kwenye mawe ya mlimani, nimeshika kile chuma ndani ya mfuko wa sketi.

"Hakuna namba," akasema. "Hakuna kitu kabisa."

Nikamshukuru. Nikapanda kilima kurudi shule, nikiwa nimekunja mkono kwenye ule uzito, na nilipofika getini nilikuwa nimeshachagua mtaa wa Jumapili ijayo. Bado inatembea.